Anza na mutuba

Mhariri, mmeuliza kama mpangaji asiye na kipande cha ardhi anaweza kulea mti mdogo wa urembo kwenye chungu, nje ya mlango wake. Anaweza, na mimi namshauri aanze na mutuba.

Najua wengi hapa Kampala watacheka. Mutuba tunaujua kwa gome lake, lile linalopondwa kuwa olubugo, yaani kitambaa cha gome, na kwa kivuli chake katika mashamba ya kahawa na ndizi. Lakini huo ni ndugu wa mkuyu, na mbegu yake ikidondoshwa na ndege huota hata kwenye panda ya mti mwingine au ufa wa ukuta. Mti uliozoea kuanza maisha pasipo udongo wa maana hauoni chungu kuwa adhabu. Ule mepo wa Kijapani wa majani mekundu, unaosifiwa sana mitandaoni, unahitaji majira ya baridi ili ulale. Hapa karibu na ikweta hauyapati, basi hudhoofika hata ukiubembeleza vipi.

Kinachoua miti ya vyungu mara nyingi si jua, ni udongo. Udongo mwekundu wa uani ukijazwa peke yake hushikamana, na mvua za Machi hadi Mei zikianza, mizizi hukosa hewa ikaoza. Uchanganye nusu kwa nusu na kokoto ndogo au matofali ya kuchoma yaliyopondwa, vumbi lake likishachekechwa na kutupwa, kisha utie mboji kidogo iliyooza vizuri. Na wanaotandaza mawe chini ya chungu ati yapitishe maji wanajidanganya: maji hung'ang'ania udongo wa juu mpaka uloe kabisa, na mizizi hubaki na nafasi finyu zaidi. Tundu pana lililofunikwa kwa wavu latosha.

Waya wa kupindia matawi nao una mambo yake. Maelekezo ya nchi za baridi huuacha miezi mingi. Hapa mti hunenepa mwaka mzima, na waya huzama kwenye gome upesi. Ukague kila juma. Kupunguza mizizi, ngoja mvua zianze.

Halafu, usiweke chungu juu ya ardhi tupu. Mizizi ya mutuba itapenya tunduni, izame chini, ielekee msingi wa nyumba, na siku ya kuhama hutaung'oa bila ugomvi na mwenye nyumba. Kiinue kwa matofali mawili.