Uliza Ujibiwe: Mpigaji mwenye nguvu apige wa ngapi?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi niko Tanga, Ngamiani. Mpwa wangu ana miaka 16, yeye na wenzake wa shule wameanza kucheza besiboli, na huyu kijana akiugusa mpira unaenda, yaani unapita ile miti ya mwisho wa uwanja watu wanabaki kuangaliana. Sasa mwalimu wao anampanga apige wa pili. Mi mechi za Marekani nazoangalia kwenye simu naona lile jitu la miraba minne linapiga la nne, ndo linakuja kuwaingiza nyumbani, pale wanapoanzia, walioko kwenye besi, vile vituo vya njiani. Dogo amenyong'onyea, anaona kashushwa hadhi. Hii namba inabadilisha kitu kweli au ni mazoea tu ya watu? Nimwendee mwalimu?
Mjomba mtu, Ngamiani

JIBU: Mjomba, kama unamwendea mwalimu basi nenda kampe mkono, huyo mtu anajua anachofanya.

Hiyo ya wa nne sijakataa, ina mizizi mirefu. Mwaka 1929 timu ya New York Yankees waliweka namba mgongoni kwa kufuata mpangilio wa kupiga, ndo maana Babe Ruth alivaa 3 na Lou Gehrig akavaa 4, na hao wawili mwaka 1927 walikuwa wamepiga homurani 60 na 47, zile za mpira kuvuka uzio na kila aliyeko kwenye besi anarudi nyumbani anatembea. Wazo lao lilikuwa rahisi: wawili wa mwanzo wawe wa kufika kwenye besi, wa tatu na wa nne wawe wa kuwarudisha. Na wa nne ana faida moja ya uhakika, akifikiwa kwenye iningi ya kwanza (iningi ni kipindi cha timu kupiga mpaka watatu watolewe) ujue kuna mtu mbele yake ameshafanya kitu, wote watatu wangetolewa iningi ingekuwa imeisha na yeye angefungua ya pili.

Lakini angalia upande wa pili ambao watu hawauhesabu, nao ni kupiga mara ngapi. Msimu wa ligi kuu ya Marekani ni mechi 162, wapigaji ni tisa, mechi inaweza kukatika kwa mpigaji yeyote kati ya hao tisa, kwahiyo kila ukimshusha mtu nafasi moja unamnyima kama zamu 18 kwa msimu (gawa 162 kwa 9 utaiona). Umtoe wa pili umpeleke wa nne, zamu 36 zimeondoka. Umpeleke wa saba, zamu 90, na hizo zamu hazipotei hewani, wanazichukua wenzake wanaopiga vibaya kuliko yeye.

Sasa njoo uwanjani kwenu ambako uzito ni mkubwa zaidi. Tuseme mnacheza iningi tano, manake timu ina auti 15 za kutumia, yaani wapigaji kutolewa mara 15, tatu kila iningi, na tuseme wapigaji wanane wamefika kwenye besi bila kutolewa, jumla wamesimama watu 23. Raundi mbili kamili zinakula 18, wanabaki watano, hao watano wa mwanzo tu ndo wanapiga mara ya tatu. Wa sita mpaka wa tisa wamepiga mara mbili tu mechi imeisha. Mechi fupi namna hiyo kijana mwenye mkono kama wa mpwa wako umweke wa saba eti akae nyuma awashtukize, hapana, huo ni uharibifu na unaniuma kweli nikiuona kwenye timu za watoto. Ni yaleyale ya Misri na Senegal fainali ya AFCON Februari 2022, Salah akawekwa penalti ya tano, Mané akafunga ya ushindi, Salah hakuugusa mpira.

Kati ya wa pili na wa nne ndo pana mjadala halali. Wa pili mechi inapoanza ana mtu mmoja tu mbele yake, kwahiyo homurani ya zamu yake ya kwanza haiwezi kuingiza zaidi ya mikimbio miwili, yaani pointi mbili, na hilo ndo gharama. Ila iningi ya kwanza ni moja tu! Kuanzia raundi ya pili mbele yake wapo wa nane, wa tisa na wa kwanza, na mwalimu mwenye akili anamweka wa tisa kijana mwepesi anayejua kuvumilia mipira mibaya na kufika kwenye besi, hapo mpwa wako anakuta watu kama kawaida. Wengi wa pale kwetu wanajaza mkiani yeyote aliyebaki halafu wanalalamika mpigaji wao mkubwa anapiga kwenye uwanja mtupu.

Na wa tatu je, nafasi ya Ruth mwenyewe? Waliokaa na takwimu za mechi nyingi wameona wa tatu anakutwa mara nyingi na hali moja mbaya, wawili wametolewa na besi hazina mtu, hivo siku hizi wanasema wapigaji bora watatu wagawane nafasi ya kwanza, ya pili na ya nne. Siyo nadharia ya vitabuni tu. Aaron Judge mwaka 2022 alipiga homurani 62, rekodi ya American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani), na sehemu kubwa ya msimu alikuwa anapiga wa pili, na ile ya 62 yenyewe, tarehe 4 Oktoba kule Texas, aliipiga akiwa wa kwanza kabisa kusimama. Shohei Ohtani 2024 akiwa na timu ya Dodgers, homurani 54, kaiba besi 59 (kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe), msimu wote anapiga wa pili au wa kwanza. Kyle Schwarber mwaka huohuo alifungua mechi kwa homurani mara 15, hakuna aliyewahi kufanya hivo kwa msimu mmoja. Hao hakuna aliyewashusha hadhi, mwonyeshe dogo video zao.

Niseme ukweli wote lakini. Ukichukua wachezaji walewale tisa ukawapanga vizuri kabisa badala ya kawaida, wanaopiga hesabu hizi wanakadiria unapata mikimbio kumi na kitu kwa msimu mzima wa mechi 162, karibu na ushindi mmoja. Kwahiyo namba ina maana, ila ugomvi wa familia haistahili. Cha kufanya, mechi tatu nne zijazo kaa na daftari, kila dogo akisimama andika walioko kwenye besi na auti ngapi. Ukiona anakuta besi tupu kila saa, hapo mwambie mwalimu aangalie wa nane na wa tisa, asimwondoe dogo wa pili.

SWALI: Kaka salama? Naandika toka Bagamoyo. Nasikia mpigaji mkali lazima nyuma yake awepo mkali mwingine la sivo warushaji wanamkwepa. Ni kweli? Na mpangilio ukikataa kocha anaruhusiwa kuubadili katikati ya mechi?

JIBU: Kumkwepa ni kweli kabisa. Mwaka 1961 Roger Maris wa Yankees alipiga homurani 61 na msimu mzima hakuna timu iliyompa besi ya bure kwa makusudi (mrushaji anarusha nje kusudi, mpigaji anaenda besi ya kwanza bila kupiga) hata mara moja, sababu nyuma yake alikuwa anasimama mwenzake Mickey Mantle aliyepiga 54. Mei 1962 Mantle akaumia, siku chache baadae kwenye mechi moja Maris akapewa besi ya bure ya makusudi mara nne. Barry Bonds ndo usiseme, 2004 alipewa 120 za makusudi, na Mei 1998 timu ya Arizona walimpa besi ya bure huku besi zote zikiwa zimejaa, yaani wakakubali kuruhusu mkimbio mmoja kuliko awapige, na wakashinda 8-7.

Ila usichanganye mambo mawili. Mkali nyuma yako anapunguza besi za bure, hakufanyi upige vizuri zaidi ukishapata mpira wa kupiga, hapo takwimu zimeona tofauti ndogo sana. Na besi ya bure siyo hasara, mtu yuko kwenye besi na auti haijatumika, mfundishe kijana wenu aichukue asirushie gongo mipira ya nje kwa hasira.

La kubadili: hapana. Karatasi ikishakabidhiwa kwa mwamuzi mpangilio umefungwa, anayeingia badala ya mwenzake anapiga kwenye nafasi ya aliyetoka, na mtu akipiga nje ya zamu wapinzani wakiwahi kulalamika kabla mpira unaofuata haujarushwa, aliyepaswa kupiga anahesabiwa ametolewa.