Nyie wageni wa benchi la HER2, ile protini tunayoipima kwenye saratani ya titi, hebu njooni hapa

Wiki hii tena nimekuta slaidi imeandikwa 3+, alama ya juu kabisa kuanzia 0, na kahawia yote, ile rangi ya kipimo, imejaa ndani ya seli. Jamani! HER2 inakaa kwenye utando wa seli, nje nje, ndo maana trastuzumab, dawa inayoilenga, inaweza kuifikia ikaikamata. Rangi ya ndani haihesabiwi, hata iwe nzito vipi.

1. Kontroli kwanza, ile nyama ambayo jibu lake tunalijua. Ikigoma, rudia, usiibembeleze.

2. 3+ ni utando mzima umezungukwa, rangi nzito, zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani. Ikizunguka kwa wastani wastani hiyo 2+, inakwenda FISH, kipimo cha kuhesabu jeni ya HER2. Nyie mnaipandisha eti mama wa watu apate dawa, huruma gani hiyo, na dawa yenyewe inaweza kudhoofisha moyo, watu wanapigwa eko, picha ya moyo, kabla ya kuanza na huku wanaendelea.

3. Fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Hapa mnistahamilie. Lilikuja titi zima kwa boti kutoka Pemba, limeshindiliwa kwenye ndoo ndogo, halijapasuliwa, fomalini imefunika juu tu. Mie nikapokea, nikaandika saa ya kupokea, saa ya kukatwa kutoka kwa mgonjwa sikuuliza, kesho Idd na kichwa changu kishafika nyumbani kwenye biriani, nikabana mfuniko nikaenda zangu. Sasa fomalini inaingia kwenye nyama polepole, milimita moja hivi kwa saa, tena hiyo mwanzoni tu. Tulivyokuja kulipasua, nje gumu, katikati laini linanuka. Tukapiga HER2 tukapata 0, ripoti ikatoka, na jina langu lipo. Daktari akapiga simu, wala hakugomba, kaniuliza tu, mbona biopsi ya sindano, kile kipande kidogo cha mwanzo, ya mama huyu huyu ilikuwa 3+? Wallahi nilitamani sakafu ipasuke. Ile sindano ndo ilotuokoa, bila yake angenyimwa dawa inayomfaa kwa uvivu wangu wa kisu. Saa 1 isipite tangu kukatwa, nyama ipasuliwe vipande, ikae kwenye fomalini saa 6 mpaka 72.

4. Zamani 0 na 1+ tulizitia kapu moja, hasi basi. Tangu 2022 trastuzumab deruxtecan, ile antibodi iliobeba kemo, inatumika hata kwa HER2 ya chini, 1+ au 2+ yenye FISH hasi, saratani ikishasambaa. Kwa hiyo acheni kuandika "hasi" tupu, andikeni namba.

Na kuanzia Jumatatu fomu isokuwa na saa ya kukatwa nairudisha kwa aloileta, hata awe shemeji yangu.