Kionga ilikuwa ya nani

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku Msimbati hatujambo, na babako kikohozi kimemwacha. Umeniuliza kama kweli Kionga, kile kijiji cha ng'ambo ya mto Ruvuma kilichoko Msumbiji, ilikuwa yetu Watanzania, maana umeona ramani ya Mjerumani mpaka umevuka kusini ya Ruvuma. Ramani haikukosea. Hiyo "yetu" ndiyo sikubaliani nayo.

Kabla ya Wazungu kugawana pwani hii, Tungi, ile pwani ya kusini ya Ruvuma, ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1886 Mjerumani na Mreno wakakubaliana mpaka wao uwe Ruvuma. Sultani mwenyewe, Seyyid Barghash, hakuulizwa. Mwaka uliofuata Mreno akaipiga Tungi mizinga, akaitwaa. Hapo Mjerumani akageuza maneno: eti enzi ya Sultani ilifika hadi Rasi Delgado, na mrithi wa Sultani ni yeye! Mwaka 1894 akaweka askari Kionga. Mreno alilalamika, mwisho akanyamaza, ukachorwa mstari kutoka baharini hadi mtoni, kusini kidogo ya kijiji. Ndicho kile kipembe ulichokiona.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Mreno akaingia Kionga Aprili 1916. Mwezi uliofuata akajaribu kuvuka mto aje huku kwetu, akarudishwa kwa risasi. Lakini kwa Kionga alishajiona mwenye mji: alichukua stempu za Lourenço Marques, Maputo ya leo, akazipiga chapa KIONGA juu yake. Kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi, kina stempu zake! Sijui nani alikuwa akiandikiwa barua. Mwaka 1919 wakubwa waliokutana Paris wakamwachia Mreno moja kwa moja, kwa hoja kwamba ni mali yake ya asili. Wenyeji hawakutajwa. Uhuru wa 1975 ukaikuta Kionga ndani ya Msumbiji, na ndiko iliko.

Sisi tuliendelea kuoana. Bibi yake babako alizaliwa huko, akaletwa harusini kwa mtumbwi, maji yakiwa yamejaa, kwa sababu yakipwa mlango wa mto ni mafungu ya mchanga matupu. Palma, mji wa Msumbiji ulio kusini ya Kionga, uliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbilia upande huu wakitafuta ndugu, na wengi walirudishwa. Mpaka nimeuelewa siku zile kuliko kwenye ramani yoyote.

Shangazi yako wa Kionga ana kitambulisho cha Msumbiji na hana shida nacho. Mwite wetu, atafurahi. Mwambie kijiji chake kilikuwa chetu, atakutoa jikoni kwa mwiko.

Mamako