Barua kwa mwanangu: Kiwanda cha Osaka na zamu ya usiku

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza Japani iliwezaje kusokota nyuzi kwa faida ilhali Waingereza walishatangulia mbali, na kama ni kweli serikali ndiyo iliyofanya yote.

La. Kiwanda cha kwanza cha kusokota kwa mashine kilijengwa Kagoshima mwaka 1867 na ukoo wa Shimazu, watawala wa Satsuma, kwa mitambo ya Platt Brothers, kampuni ya Oldham, Uingereza. Serikali ilikuja baadaye, ikaagiza mitambo ya pia 2,000 (pia ni vile vijiti vinavyozunguka na kusokota uzi) kwa kila kiwanda na kuisambaza mikoani. Vingi viliendeshwa kwa maji ya mto. Maji yakipungua, kazi inalala. Tena pia 2,000 ni chache mno, gharama zinameza mapato yote.

Shibusawa Eiichi, mkuu wa benki, aliliona hilo. Alimwomba Yamanobe Takeo, kijana aliyekuwa akisoma London, ajifunze ufundi wa kusokota, naye Yamanobe akaenda kuingia kiwandani kabisa, mjini Blackburn, hukohuko Uingereza. Kiwanda chao cha Osaka kilianza kazi mwaka 1883 kwa pia 10,500, injini za mvuke, na mtaji wa hisa za wafanyabiashara na makabaila. Pamba ya nyumbani ilipowapa shida, wakaagiza ya China, kisha ya India.

Lakini faida yenyewe, mwanangu, ilitoka usiku. Mitambo ilikuwa ghali, basi haikuruhusiwa kupoa: zamu mbili, saa kumi na mbili kila moja. Mwanzoni walimulikiwa na taa za mafuta. Mimi niliyefanya kazi chumba cha kusokota najua vumbi la pamba linavyotanda hewani, likakaa kwenye nyusi, likajaa chini ya mashine. Kuwasha moto humo ni hatari tupu. Taa za umeme zilifungwa mwaka 1886. Hata hivyo mwaka 1892 kiwanda kiliungua na wafanyakazi wengi wakafa.

Wengi wa wafanyakazi wale walikuwa wasichana waliotoka vijijini. Viwanda vingine viliuiga mtindo huohuo, na wanawake hawakuondolewa zamu ya usiku hadi mwaka 1929. Kwa hiyo katika ripoti yako, ukimtaja Shibusawa, wataje na wao, tena si katika tanbihi.

Nisalimie wajukuu.

Mama yako