Wazee wamekaa mara mbili, ugomvi uko palepale: mshauri wa ndoa atafanya nini kipya?

SWALI: Mimi na mume wangu tuna miaka tisa ya ndoa na watoto wawili. Tunagombania fedha anazotuma kwao bila kuniambia. Nikimuuliza ananyamaza. Nikizidi kuuliza anachukua funguo za pikipiki anaondoka, anarudi tumeshalala. Wazee wamekaa nasi mara mbili. Zote mbili aliambiwa ana makosa, akaomba radhi, na haukupita mwezi tukarudi kulekule. Rafiki yangu anashauri twende kwa mshauri wa ndoa. Mume anasema hawezi kumlipa mtu baki asikilize mambo ya nyumbani kwake. Naomba kujua, huyo mshauri anafanya nini hasa ambacho wazee hawakufanya? Na mume akikataa kabisa, ndiyo basi?
Mama Wawili, Mwanza

JIBU: Dada yangu, wazee wenu walifanya kazi yao. Walisikiliza pande mbili, wakatafuta mwenye kosa, wakamtaka aombe radhi. Huo ndio usuluhishi, na mambo mengi huisha hivyo. Lenu halikuisha kwa sababu kosa lilipatiwa hukumu, lakini namna mnavyogombana haikuguswa na mtu.

Mshauri ataanzia hapo. Kwa ulivyoeleza, unauliza, anakaa kimya. Kimya chake unakiona dharau, unauliza kwa ukali zaidi. Ukali wako unamfanya aone kwamba akibaki patachimbika, anashika funguo. Wewe unasema unapiga kelele kwa sababu anakimbia. Yeye anasema anakimbia kwa sababu unapiga kelele. Nyote wawili mnasema kweli, na hapo ndipo kikao cha wazee hukwama. Tiba inayolenga hisia, iliyoanzishwa Kanada miaka ya 1980 na Sue Johnson na Leslie Greenberg, inaushughulikia mzunguko wa aina hii moja kwa moja: mmoja anafuata, mwingine anajitenga. Mshauri anawaonyesha mzunguko huo ukitokea mbele yake, mpaka muanze kuukamata wenyewe mkiwa nyumbani.

Utaratibu wa kawaida ni huu. Mnaanza pamoja, kisha wengi wetu washauri humwona kila mmoja peke yake mara moja, halafu mnaendelea wawili, mara moja kwa wiki, saa moja au zaidi kidogo. Ulizeni mapema: nikikwambia jambo faraghani, utalificha au utataka liletwe mezani? Kila mshauri ana msimamo wake kuhusu hilo, na mnatakiwa kuujua kabla hamjafungua mdomo.

Ndani ya chumba mambo huenda polepole kuliko watu wanavyotegemea. Chukua mfano wa kutunga unaofanana na wenu. Mke anaanza, "Wewe unanificha kila kitu." Mshauri anamsimamisha, anamwomba ataje siku moja tu, na alivyojisikia yeye. Anajaribu tena: "Jumapili nilipoona laki moja imeenda kwa mama na ada ya mtoto hatujamaliza, niliogopa. Nilijiona simo kwenye mipango yako." Mume anataka kujitetea. Hapana, kwanza arudie alichosikia. Anarudia, anakosea, anarudia tena. Sasa anaulizwa: ulipokaa kimya Jumapili ile, ulikuwa unawaza nini? "Mama alinipigia analia. Nikajua nikikwambia utakataa. Nikaona bora ninyamaze kuliko kuwakosea wote wawili."

Laki moja imeshaenda, hairudi. Ila mke amesikia kitu ambacho vikao viwili vya wazee havikukitoa, kwa sababu pale swali lilikuwa kwa nini alituma.

Kuhusu kuondoka kwake, usikimbilie kuita jeuri. Watafiti wa Marekani John Gottman na Robert Levenson waliwapima wanandoa mapigo ya moyo wakiwa wanabishana. Moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika, mtu anashindwa kusikiliza vizuri, na mwili unahitaji kama dakika 20 kutulia. Kwa hiyo mshauri hatamkataza kutoka. Atamfundisha kutoka kwa kuaga: "Nimepandwa na hasira, naomba nusu saa, saa tatu tunaendelea." Na saa tatu awepo! Bila hilo la pili, la kwanza halina maana. Na wewe ndani ya hiyo nusu saa usimfuate mlangoni wala kwenye simu.

Gottman huyohuyo alikuta kwamba takriban 69% ya mambo wanayogombania wanandoa hayaishi. Yanatokana na tabia na mahitaji ambayo watu wamekuja nayo. La kwenu nadhani limo humo. Mumeo hataacha kuwasaidia wazazi wake, na sijaona mahali katika barua yako unapotaka aache. Kinachowezekana ni makubaliano: kiasi fulani kila mwezi kinachojulikana na wote, na kikizidi, simu kwako kwanza, fedha baadaye. Makubaliano ya hivyo kwenye karatasi ni mepesi. Ugumu ni kuyafikia bila mtu kushika funguo, na ndiyo maana fedha huja baadaye, baada ya kujifunza kuzungumza.

Je, inasaidia? Si wote. Mtafiti Andrew Christensen na wenzake waliwafuatilia wanandoa 134 nchini Marekani waliokuwa na migogoro mikubwa na ya muda mrefu, wakipewa hadi vikao 26. Miaka mitano baada ya tiba, karibu nusu walikuwa na nafuu ya maana, na takriban robo walikuwa wametengana. Atakayewaahidi kwamba mtatoka kwake ndoa imepona, mwogopeni.

Mumeo anaposema mtu baki, anasema jambo la maana zaidi ya anavyodhani. Faida ya mshauri ni huo ubaki wake: hamtakutana naye kwenye msiba wa shangazi akiwa anajua mlivyotukanana, na anabanwa na maadili ya kazi kutunza siri. Mweleze hivyo. Usimwambie "una tatizo, twende ukatibiwe". Hakuna mwanamume atakayevaa viatu kwa maneno hayo. Mwambie umechoka na jinsi wewe mwenyewe unavyompigia kelele, unataka kubadilika, na unamhitaji awepo. Mpe nafasi ya kuchagua mshauri, mwanamume au mwanamke, na muanze na vikao vitatu tu.

Akikataa, nenda peke yako. Nusu ya mzunguko ni yako, na ukibadilisha namna unavyoanza mazungumzo, mara nyingi na yeye hujibu tofauti. Angalia tu vikao visigeuke saa ya kumsema mumeo. Mshauri anayekubaliana nawe kila wiki hakusaidii.

Hukugusia kipigo, lakini lazima niseme. Kama unamwogopa, usiende naye kwenye tiba ya pamoja, maana ukweli utakaousema pale unaweza kukugharimu mkifika nyumbani. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga; mahali pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Pia usichanganye mshauri na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sheria hiyohiyo inataka mgogoro upitie barazani kabla ya kufungua shauri la talaka, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa. Kwenda kwa mshauri si hatua ya talaka, na mumeo huenda ndicho anachohofia bila kukitamka.

Kwa kuanzia, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii au idara ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Hata wasipokuwa na mtu wa wanandoa, wanajua aliyesomea. Mchungaji au shehe wenu pia anafaa kama amesomea ushauri nasaha na hana undugu na upande wowote. Muulize amesomea wapi, amewahi kufanya kazi na wanandoa wakiwa wawili chumbani, na gharama kwa kikao ni kiasi gani. Hilo la gharama kubalianeni na mumeo kabla ya kulipa, maana fedha ndiyo iliyowafikisha hapa.