Kabla hujaniuliza ada nilitoa wapi

Juzi niliweka status picha yangu ya joho, ile niliyopiga na wanangu watatu, mdogo kaitia kofia yangu mdomoni. Hadi saa nne usiku meseji zilikuwa zimepita ishirini. Nyingi ni hongera, na hongera nazipenda, sitaki kuwadanganya. Ila dada mmoja wa Mafinga, miaka 31, aliishia kidato cha tatu, kaandika mstari mmoja tu: "Dada, ada ulitoa wapi?"

Nimeshindwa kumjibu kwa kifupi. Ada ni swali la pili, mdogo wangu. La kwanza ni hili: mtoto unamwacha na nani?

Mimi shule niliiacha kidato cha pili, 2003, kwa mimba. Enzi zile unarudisha vitabu vya shule, unakwenda kwenu, basi. Tangazo la kuruhusu wasichana waliojifungua kurudi darasani lilitoka Novemba 2021, na lilinikuta katikati ya mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea mwenye miaka 34. Nililia kidogo, nikarudi kwenye Baiolojia yangu.

Miaka ya katikati nairuka. Ilikuwa maandazi na chai pale Mlandege, Iringa mjini, hakuna cha kusimulia. QT, ule mtihani wa maarifa unaokuruhusu kufanya kidato cha nne, nilifanya 2019 nikapita, 2020 nikapata huyu wa tatu, 2021 nikajiandikisha kidato cha nne. Mume wangu alisema, "Soma ukitaka. Sikukatazi, ila hela yangu usiihesabu." Kweli hakunikataza. Siku ya mahafali alisimama katikati ya kila picha. Tuendelee.

Mtoto nilikuwa namwachia wifi yangu. Bure. Hapo ndipo nilipokosea, na nimechelewa sana kulielewa kosa lenyewe. Nilijiambia ni shangazi wa mtoto, damu yake, nimlipe kwa lipi? Asubuhi ya Hisabati nikaamka saa kumi na moja, nachemsha uji, nakuta kitanda cha wifi kimetandikwa. Kaondoka na basi la kwanza. Simu haipokelewi. Nikambeba mtoto mgongoni hadi kituo cha mtihani, nikamwomba mlinzi anishikie, nikamwachia andazi na elfu mbili. Nusu saa haijaisha nikaanza kumsikia kupitia dirishani. Mama anajua kilio cha mwanawe hata kwenye watoto mia. Namba zikawa zinaogelea kwenye karatasi. Hisabati nilipata F, na hiyo F siioni ya kwangu peke yangu.

Nilipata pasi nne za masomo yasiyo ya dini, zinazotosha kuanza astashahada ya awali. Nikaanza chuo 2022.

Sasa ndiyo tuje kwenye hela. Muhula wa pili ada ilikuwa imepelea laki tatu, nikaingia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali. Rejesho kila siku jioni. Siku maandazi yamedoda hawataki kusikia habari ya maandazi. Walikuja na kirikuu, wakapakia jiko la gesi na televisheni, watoto wamesimama mlangoni wanaangalia. Jiko la gesi ndilo lililokuwa linanikaangia ada yenyewe! Wanawake wenzangu, nawaomba kwa magoti: msisome kwa kausha damu. Bora uahirishe muhula.

Aliyeniokoa ni bibi wa nyumba ya pili. Alinikuta nimekaa kwenye ndoo, akasema, "Mlete huyo mtoto. Ila mimi nalipwa." Elfu mbili kwa siku, sukari kilo moja kila mwisho wa mwezi. Akilia mtoto anamwambia, "Mama yako yuko darasani, nyamaza asikusikie mwalimu." Miaka mitatu hajakosa siku hata moja. Nilikuwa namlipa kabla sijanunua unga wa ngano. Msaada wa bure hauna kesho. Unayemlipa, hata kidogo, unaweza kumdai asubuhi.

Ada nayo ilitoka kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tuliwaomba wenzetu mgawo uwe Septemba badala ya Desemba, maana vyuo vingi vinafungua Oktoba na hisa zako za Desemba hazikusaidii kitu. Walinuna, wakakubali. Ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, fungu la wanawake asilimia 4, nao hauna riba, lakini ni wa kikundi na ni wa biashara. Ununulie sufuria, faida ya sufuria ndiyo ilipe ada. Ukiupeleka wote chuoni mtagombana kikundi kizima.

Nyie mlio wadogo kuliko mimi, angalieni vyuo vya maendeleo ya wananchi. Viko 54 nchi nzima, huku kwetu Ilula kipo. Kupitia mpango wao wa Elimu Haina Mwisho binti aliyeacha shule anasoma na mtoto wake yuko hapo hapo chuoni analelewa. Ningekipata hicho kitu mimi, hiyo F isingekuwepo. Na msingoje. Mimi sasa naitaka digrii, nina miaka 38, na ukomo wa Bodi ya Mikopo ni 35. Nitalipa mwenyewe, kwa maandazi, nishazoea.

Wifi? Alikuja kwenye mahafali. Kala pilau, kaniita msomi mbele za watu. Nikamwekea soda.

Dada wa Mafinga, usinitumie kwanza kiasi cha ada. Nenda leo jioni kapige hodi kwa majirani, ulize nani yuko nyumbani mchana na angependa alipwe shilingi ngapi. Ukishapata jina lake na bei yake, nitumie vyote viwili, tukae tupige hesabu. Hata kama hesabu nilifeli.