Kigimbi kilichopotelea ndani ya hogo

Siku walipolikata hogo, ile plasta ngumu ya mguuni, sikutazama kifundo kilichovunjika. Nilitazama kigimbi, na hakikuwepo. Wiki sita tu, mguu wa kulia umenyooka kama mchi! Nyumbani nikaazima futikamba ya fundi cherehani wa jirani: kushoto sentimita 38, kulia 34.

Kila aliyekuja kunipa pole alisema pumzika, usikanyage, weka mguu juu ya mto. Mfupa ulifaidika kweli. Msuli ndio ulionyauka.

Dada wa fiziotherapia alikibonyeza kigimbi akacheka. "Kaka, hiki hakiumwi, kimekosa kazi. Wanaanga nao hurudi hivi hivi."

Nikadhani ananitania. Usiku nikaingia mtandaoni kusoma, na ndipo nilipogundua kwamba hata nilichojua kuhusu anga kilikuwa kombo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu yetu, na huko nguvu ya uvutano wa dunia bado ipo, karibu asilimia 90 ya hii tunayoisikia hapa. Ila kituo na waliomo wanaanguka pamoja muda wote wakiizunguka dunia, kwa hiyo miguu haibebi chochote. Misuli inayoanza kusinyaa ni ya vigimbi, mapaja na mgongo, yaani ile inayotusimamisha kutwa bila sisi kuishukuru. Mwaka 1970 Warusi wawili, Nikolayev na Sevastyanov, walirudi baada ya siku kama 18 angani na kutembea kukawa shida.

Siku hizi wanaanga hufanya mazoezi takriban saa mbili kila siku. Vyuma vya jimu havina maana huko kwa kuwa havielemei, hivyo mashine yao hutumia mitungi iliyotolewa hewa ndani, ambayo hukupinga unapovuta. Valeri Polyakov alikaa siku 437, na aliposhuka mwaka 1995 alitembea hatua chache kwa miguu yake. Kwa hiyo msuli hauulizi mzigo umetoka wapi, unataka mzigo tu. Sisi wa huku chini mzigo tunaupata bure, halafu tunaukalia kwenye kochi.

Sasa tuje kwenye kuujenga upya. Unapoushusha uzito taratibu, msuli unarefuka huku unakaza, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika kidogo kidogo, kisha mwili huzikarabati. Muulize aliyepanda Kilimanjaro: mapaja humuuma kwa sababu ya kushuka. Maumivu yenyewe hukolea siku ya pili, usidhani umejivunja tena.

Daktari aliporuhusu nikanyage, nilitumia ngazi ya mbele ya nyumba. Vidole juu ya ukingo, kisigino hewani, mkono ukutani. Napanda kwa miguu yote miwili, nashuka kwa ule dhaifu peke yake nikihesabu hadi nne. Mara nane, napumzika, narudia. Wiki ya kwanza sikufika tano, na mguu ulitetemeka hadi watoto wa jirani wakaniigiza. Nilifanya siku moja na kuacha moja, na kila mlo nikahakikisha kuna dagaa, maharage au mayai.

Kuogelea kulinisaidia mwanzoni, maana maji hukubebea sehemu kubwa ya uzito. Lakini hiyo hiyo ndiyo kasoro yake, kwa hiyo usiishie majini. Na wanaoniuliza kama kulala chali usiku huharibu msuli: hapana, usingizi ni rafiki yake. Kinachoumaliza ni majuma ya kulala mchana na usiku.

Baada ya miezi minne nilirudi kwa fundi. Alinipima mwenyewe: 37. Mpaka leo kila nikipita ananiuliza ile sentimita moja nimeipeleka wapi.